Kugawana Kwanza: Mkataba wa 1984 na Ujirani wa Afrika Mashariki



Tukizungumzia upatanisho wa nchi jirani, mazoea yetu ni kuanza na undugu. Tuna lugha moja, tuna ziwa moja, babu zetu walioana kabla mipaka haijachorwa. Ni kweli tupu, na ilikuwa kweli vilevile Februari 1977, Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya. Undugu haukuzuia lolote. Jioni hii nitatetea hoja isiyo na utamu: kilichotupatanisha ni mahesabu.

Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala, Juni 1967. Wengi wenu hamkuiona, basi niseme ilikuwa kitu gani. Reli, bandari, posta na simu, ndege, vyote vilikuwa mali ya nchi tatu, Kenya, Tanzania na Uganda, kwa pamoja. Ziwa Victoria lilikuwa na MV Umoja na MV Uhuru, meli pacha zilizotandikwa reli ndani yake: behewa liliingizwa melini na mzigo wake, likavuka ziwa, likashushwa ng'ambo na kuendelea na safari bila gunia kuguswa.

Kilichoiua kinajulikana. Idi Amin alipompindua Rais Obote wa Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na marais watatu hawakukutana tena kama chombo cha Jumuiya. Viwanda vilijazana Kenya. Tanzania ikalalamika kwamba kazi yake imekuwa kununua tu. Huku kwetu tuliwaita wenzetu wa Kenya manyang'au, nao hawakukosa la kutujibu. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege la pamoja likasimama kwa madeni, na kuanzia hapo kila nchi ikashika kilichokuwa karibu na mkono wake. Mwisho wa yote Umoja ikawa ya Tanzania na Uhuru ikawa ya Kenya. Juu ya majina hayo sitaongeza neno.

Hapo ndipo alipoitwa Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi, asuluhishe mgawanyo wa mali hiyo. Hakuja kutuhubiria mapenzi. Yeye na wataalamu wake walikaa wakithamini mabehewa, majengo, mitambo na madeni. Alianza Amin akiwa bado anatawala Kampala, akamaliza Obote akiwa amerudi. Katikati yake Tanzania na Uganda zilikuwa zimepigana vita kamili. Mazungumzo hayakufa, na nadhani sababu ni kwamba hayakumtaka mtu akiri kosa. Yalimtaka akubali tarakimu.

Tarakimu zenyewe ni hizi: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26, na aliyebaki na mali kuzidi fungu lake amfidie aliyepungukiwa. Rais Moi wa Kenya, Nyerere na Obote walikubaliana Arusha, Novemba 1983, na ni mwezi huohuo mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofunguliwa baada ya miaka zaidi ya sita. Mkataba wa mgawanyo ukatiwa saini tarehe 14 Mei 1984. Ndani yake mlikuwa na kifungu kidogo, 14.02, kilichozitaka nchi hizo zitafute maeneo ya kushirikiana siku za usoni. Mkataba wa Jumuiya ya sasa, wa Novemba 1999, unakitaja kifungu hicho katika utangulizi wake. Yaani hati ya kugawana ndiyo iliyobeba mbegu ya kurudiana.

Kule Kilimanjaro, jirani kabisa na mpaka huo, Wachagga hupanda isale kuonyesha kihamba, yaani shamba la nyumbani la mtu, kinapoishia. Jani la mmea huohuo ndilo hupelekwa kwa mtu anapoombwa msamaha. Wazee wale waliona mapema kwamba mambo hayo mawili hayako mbalimbali.

Hata hivyo mahesabu yale yalikuwa ya serikali na serikali. Wafanyakazi wa Jumuiya iliyovunjika, makarani wa posta, mafundi wa reli, makuli wa bandarini, waliachwa wadai mafao yao kila mmoja kwa serikali yake. Hapa Tanzania madai yalifika mahakamani, makubaliano yakapatikana mwaka 2005, na bado baada ya hapo tuliwaona wazee wakiandamana Dar es Salaam wakisema hawajalipwa haki yao. Mabehewa yalipata mwenyewe upesi kuliko watu walioyaendesha.

Kasoro hiyo tumeirithi. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya viliteketezwa na mamlaka za Tanzania mpakani Namanga kwa hoja ya kuzuia magonjwa, na mwezi huohuo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya wakapigwa mnada. Serikali zilirushiana maneno, kisha zikaendelea na mengine. Mwaka uliofuata marais wawili walikuwa palepale Namanga wakizindua kituo cha pamoja cha mpakani. Hasara ilibaki kwa mwenye mifugo.

Mkataba wa 1999 umempa raia mlango ambao Umbricht hakuuweka. Kwa Ibara ya 30, mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuishtaki serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki, hata kama si serikali yake. Lakini amepewa miezi miwili tu tangu kitendo kitokee au tangu akijue. Mfugaji aliyepoteza kundi lake atatumia mwezi wa kwanza akihangaika kati ya ofisi ya wilaya na ya mifugo, na wa pili akitafuta wakili anayeijua njia ya Arusha, iliko mahakama hiyo. Hoja yangu kwa wakuu wa nchi wanachama, ambao sasa ni nane, ni kwamba muda huo uongezwe ufike angalau mwaka mmoja, na marekebisho hayo yatangulie mazungumzo yoyote kuhusu shirikisho la kisiasa la nchi hizo.