SOMO LA REDIO: JANI, MAKAA NA DAMU

Ninyi mlioko Chapwa, mlioko Tunduma mjini, na wote mliokusanyika katika madarasa ya watu wazima, karibuni. Chukueni kalamu na madaftari. Maneno yetu ya leo ni matatu: JANI, MAKAA, DAMU. Yaandikeni. Mwisho wa somo mtajua kwa nini yamekaa pamoja.

Juzi nilitembelea darasa moja la Chapwa. Mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, chai ya Tukuyu na chai ya Wachina, je, ni miti miwili?" Hapana, mama. Mti ni mmoja. Ndio mchai uliopandwa Rungwe na Wajerumani mwaka 1904. Tofauti ni kazi ya mikono.

Mkimenya kiazi mviringo mkakiacha, baadaye huwa cheusi. Hewa imekigeuza. Jani la chai likipondwa nalo hugeuka. Likiachwa ligeuke kabisa, tunapata chai nyeusi tunayokunywa kila siku. Likitiwa moto mapema, hubaki kuwa chai ya kijani. Wachina wana chai ya tatu, ambayo hugeuzwa kiasi tu, ndipo moto huisimamisha. Huiita wulong, maana yake joka jeusi.

Katika milima ya Wuyi, chai hiyo hukaushwa tena juu ya makaa. Makaa hufunikwa majivu, moshi usitoke na moto usiwe mkali. Majani huwekwa katika kapu la mianzi juu yake kwa saa nyingi. Akina mama mnaokaanga karanga mnajua siri hiyo: moto mkali huunguza nje, ndani hubaki mbichi.

Kuipika ni hivi. Chukua birika dogo la kikombe kimoja kidogo. Tia majani kiasi cha gramu 5. Mimina maji yaliyochemka, kisha yamwage mara moja. Hayo ni ya kuosha. Mimina tena, ngoja kidogo, hesabu mpaka 15, kisha mimina chai yote katika vikombe. Majani hayo hayo hutiwa maji mara 5 au zaidi, na kila mara unangoja kidogo zaidi.

Chai yetu ya Rungwe haitaki hivyo. Kwa kila kikombe tia kijiko kimoja kidogo cha majani. Mimina maji yanayochemka, funika dakika 3 mpaka 5, kisha chuja. Ukiyachemsha majani muda mrefu, uchungu hutoka, nawe utaongeza sukari kuuficha. Sukari ni fedha. Tena, usiweke majani karibu na mafuta ya taa wala sabuni, kwani chai hunyonya harufu upesi.

Sasa neno la tatu, DAMU. Hapa sikilizeni sana. Chakula kama maharage na mboga za majani kina madini ya chuma, na mwili huyatumia kutengeneza damu. Chai ikinywewa pamoja na chakula hicho, huyazuia madini yasiingie mwilini vizuri. Mama mjamzito akipungukiwa damu, siku ya kujifungua inaweza kuwa ya hatari kwake na kwa mtoto. Basi chai isinywewe pamoja na ugali na maharage. Ngojeni saa moja hivi baada ya kula. Mtoto mdogo msimpe chai badala ya maziwa au uji. Na dawa za kuongeza damu mezeni kwa maji, si kwa chai.

Sasa jibuni maswali haya katika madaftari:
1. Kwa nini makaa hufunikwa majivu?
2. Majani ya Rungwe hufunikwa dakika ngapi?
3. Mama mjamzito anywe chai wakati gani?

Atakayerudi nyumbani leo na amsomee mwenzake jibu la tatu. Kwaherini, ndugu zangu, mpaka juma lijalo.