Mbingu Tupu ya Icarus: Suala la Kufasiri Ukimya



Katika Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa mjini Brussels pana picha ya mandhari inayohusishwa na Pieter Bruegel, aliyefariki mwaka 1569. Mbele yuko mkulima anayelima kwa plau ya farasi. Chini yake, mchungaji na kondoo. Ukingoni mwa bahari, mvuvi wa ndoano. Merikebu imetweka matanga. Karibu nayo, miguu miwili inazama. Huyo ndiye Icarus, aliyeruka kwa mabawa ya manyoya na nta yaliyoundwa na babaye, Daedalus, akalikaribia mno jua, nta ikayeyuka.

Kisa hiki kimo katika kitabu cha 8 cha Metamorphoses, utungo wa Ovid, mshairi wa Roma. Humo pia wamo mkulima, mchungaji na mvuvi, nao huwatazama warukao kwa mshangao, wakiwadhania kuwa miungu. Mchoraji amewachukua wahusika, akageuza kitendo: mkulima na mvuvi wameinamia kazi zao. Ndipo wahakiki wengi wakahitimisha kuwa maana ya picha ni kutojali: mwana wa mtu anakufa, dunia inaendelea kulima.

Mchungaji, hata hivyo, anaitatiza hoja hiyo. Yeye ameinua uso kuelekea mbingu tupu. Anatazama nini? Jibu limo katika nakala ya pili, iliyoko Makumbusho ya Van Buuren, mjini humo humo. Humo Daedalus yumo angani, angali anaruka. Kwa istilahi yetu wanaisimu, mtazamo wa mchungaji ni kionyeshi. Katika nakala moja kirejelewa chake kipo, katika nyingine hakipo. Aidha, uchunguzi wa kimaabara umewafanya wataalamu wengi waione picha ya kwanza kuwa ni nakala ya kazi ya Bruegel iliyopotea. Kwa hiyo utupu wa mbingu hauwezi peke yake kuchukuliwa kuwa kauli ya msanii.

Wahakiki wa tenzi wanalifahamu suala hili. Ubeti ukikosekana katika mswada mmoja, hulinganisha na miswada mingine kabla ya kudai kuwa mtunzi aliuacha kwa makusudi. Tukifanya vivyo hivyo hapa, linalosalia katika nakala zote mbili ni mkulima na mvuvi wasioinua macho. Hapo ndipo tafsiri ya kutojali inaposimama imara. Ukimya wa matini una maana. Lakini kabla ya kuufasiri, hatuna budi kubainisha aliyenyamaza ni mtunzi au mnakili.