KIWANJA KIDOGO NA UFUGAJI WA KONDOO: MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KUNUNUA



Mtaa wa Huruma, ulio upande wa mashariki wa Nairobi, umepakana na Kiamaiko, mahali ambapo mbuzi na kondoo huletwa kwa malori kutoka kaskazini mwa Kenya ili wachinjwe. Mkazi wa Huruma awaonaye wanyama hao kila siku huanza kufikiri kwamba yeye naye aweza kufuga. Lakini mtaani hakuna nafasi, kwa kuwa nyumba za ghorofa zimesongamana hadi kando ya mto. Basi hutafuta kiwanja nje ya mji, pande za Kitengela au Machakos, akakinunua kwa akiba ya miaka mingi. Akiba hiyo ikipotea hairudi upesi. Kwa hiyo yafaa ardhi ichunguzwe kabla ya fedha kutolewa.

Jambo la kwanza ni chakula. Viwanja vingi viuzwavyo ni vya futi 50 kwa 100, yaani karibu sehemu ya nane ya ekari, au mita za mraba 465 hivi. Zikiondolewa za banda, nyumba ndogo na njia, husalia kama 360 za kupanda majani. Mnunuzi na aombe ruhusa kwa jirani mwenye nepia iliyokomaa, akate mita moja ya mraba na kuipima kwa mizani. Ikitoa kilo moja na nusu, kiwanja chake kitatoa kilo 540 kwa mkato mmoja, na mkato wa pili utangoja kama siku 60. Kondoo wa kilo 40 hula kilo 5 au zaidi za majani mabichi kwa siku, yaani kilo 300 katika siku hizo. Kumbe kiwanja hicho hakiwatoshi hata kondoo wawili! Aliyekusudia kufuga 20 itampasa kukodi malisho, au kununua marobota ya nyasi kavu mwaka mzima. Gharama hiyo isipohesabiwa tangu mwanzo, faida itakuwa ya wauza nyasi.

Jambo la pili ni udongo na maji. Sehemu nyingi za Kitengela zina udongo mweusi unaonata, ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kushika maji wakati wa mvua. Kondoo akisimama katika matope huoza kwato, na penye majimaji konokono hueneza ugonjwa wa ini. Kwa hiyo kiwanja kitazamwe wakati wa masika, si wakati wa jua peke yake. Watu wa Huruma wanajua ubaya wa kupuuza ardhi: tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, nyumba ya ghorofa sita iliyokuwa karibu na mto ilianguka, wakafa watu wapatao 50. Tena mnunuzi aulize maji ya kunywa yatatoka wapi wakati wa kiangazi, na kwa bei gani.

Jambo la tatu ni aina ya kondoo. Kondoo mwekundu wa Kimasai ana mwili mdogo, lakini huvumilia minyoo ya tumbo kuliko Dorper, ambaye asili yake ni Afrika ya Kusini. Dorper hukua upesi na kuwa na nyama nyingi, lakini hudai chakula bora na dawa. Penye ardhi finyu, ambapo wanyama hukanyaga mahali pamoja kila siku, minyoo huongezeka haraka.

Jambo la nne ni hati. Mnunuzi aende mwenyewe katika ofisi ya msajili wa ardhi kuhakikisha jina la mwenye kiwanja. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya mwaka 1967 yataka kibali cha bodi ya ardhi. Bila kibali hicho mapatano huwa batili.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kiwanja kidogo aweza kuanza na madume wachache, akawanenepesha kwa miezi michache na kuwauza kabla ya Idi, badala ya kufuga majike na wana wao mwaka mzima. Na iwapo daftari laonyesha hasara, asione haya kukiacha kiwanja hicho. Fedha ingali mkononi yaweza kungoja ardhi iliyo bora.