Kura Iliyolala Mfukoni

Pilau inanukia, sitawaweka.

Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer aliliambia Bunge la Uingereza kwamba bajeti ya ulinzi itapanda hadi asilimia 2.5 ya pato la taifa ifikapo 2027. Hapo sina ugomvi naye. Vita vya Ukraine si hadithi, na nyumba isiyo na komeo hailaliki. Kilichonikaba ni mfuko uliochomolewa fedha hizo: misaada ya kigeni, inayoshushwa kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Nchi hii ilijitungia sheria ya kutoa 0.7 mwaka 2015! Waziri aliyesimamia misaada, Anneliese Dodds, alijiuzulu siku chache baadaye. Tena kinachoitwa msaada si chote kinachovuka bahari. Mwaka 2023 zaidi ya robo yake ilitumika humu humu Uingereza, kwa hoteli na mahitaji mengine ya wakimbizi na waomba hifadhi.

Wapo kati yetu wenye jamaa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Katikati ya 2025, wafadhili walipokaza mkono, Marekani ikiwa mbele, mgao wa chakula wa wakimbizi nchini Kenya ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango kamili. Mama zetu mlioko jikoni, hebu toeni karibu robo tatu ya wali uliomo kwenye yale masufuria, kisha mtuite tule.

Kuchanga tunachanga. Msiba ukitangazwa kwenye WhatsApp usiku, asubuhi fedha zimetimia. Ila pengo la mabilioni ya pauni haliwezi kuzibwa kwa harambee.

Tunacho kingine: kura. Mkenya, Mtanzania, Mganda, na Mnyarwanda tangu nchi yake iingie Jumuiya ya Madola mwaka 2009, akiwa na kibali halali cha kuishi hapa, anapiga kura ya ubunge hata bila uraia. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo hawana nafasi hiyo mpaka wawe raia, basi tuwasemee. Nendeni kwa mbunge siku anapopokea watu jimboni, mumuulize kama alikubali mfuko wa misaada uguswe, na kwa nini.

Kabla ya kushika sahani, piteni meza ya mlangoni. Vijana wapo na kompyuta, wanaandikisha wapiga kura. Muwe na namba zenu za National Insurance.