FENI YA ZAMANI NA KAZI YA MIKONO YETU

Maneno ya mwalimu mmoja wa shule yetu mbele ya Kamati, wakazi wa kambi na wageni, Gatumba





Kila anayefika Gatumba hukumbuka usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, ambapo ndugu zetu zaidi ya 150 waliuawa katika kituo cha wakimbizi cha hapa. Wazee wamekwisha kusema juu yao asubuhi hii, nami sitaongeza neno juu ya neno la wazee. Kamati imeniomba niseme na vijana juu ya kazi. Nimechagua kitu kidogo ambacho wengi wenu mmekiona: ile feni ya chuma iliyo katika chumba cha kupimia watoto. Wengine huiita vantilateri. Ni kitu kile kile.

Feni hiyo tuliipata Bujumbura kwa muuza vyuma chakavu, aliyekuwa akiiuza kwa kilo pamoja na mabati na vipande vya baiskeli. Ilikuwa imeliwa na kutu. Haikuzunguka hata ukiisukuma kwa mkono, na waya wake ulikuwa umekatika. Chini yake pana kibati chenye jina la Ercole Marelli, Milano. Kampuni hiyo ilianzishwa nchini Italia mwaka 1891. Kwa umbo lake, feni hii ni ya siku zile mji wa Bujumbura ulipokuwa bado ukiitwa Usumbura.

Tulipoileta shuleni palitokea ubishi. Mzazi mmoja aliniuliza mbele ya watu: «Mwalimu, watoto hawana madaftari, nawe unanunua kutu?» Swali lake lilikuwa la haki. Wengine wakashauri tuipake rangi upesi tuiuze, ili tupate fedha za chaki. Maneno yangu ya leo ni jibu kwa wote wawili.

Wanafunzi wetu walikuwa wamesoma habari za umeme ubaoni. Waliweza kutaja kwamba mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha jinsi sumaku ikisogea karibu na koili ya waya inavyozaa umeme. Waliliandika katika mtihani wakapata alama. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuona koili kwa macho yake. Kwa hiyo, kwa muda wa wiki tatu, kila siku baada ya masomo, wanafunzi wanane na fundi umeme mmoja kutoka mjini walikaa na feni ile juu ya meza. Nitawaeleza walivyofanya, ili anayetaka kufanya nyumbani ajue njia na ajue hatari.

Kwanza, kutazama kabla ya kugusa. Mtu akipata feni ya zamani, jambo la kwanza analotamani ni kuichomeka kwenye umeme aone kama inafanya kazi. Msifanye hivyo hata siku moja. Mpira unaofunika waya za zamani hukauka na kupasuka, na mwili wa feni hizo ni chuma kitupu. Waya ulio wazi ukigusa chuma, umeme unamngoja yule atakayeshika.

Pili, kufungua kwa utaratibu. Nati zilikuwa zimeshikana na kutu. Kijana mmoja alitaka kuzipiga kwa nyundo, lakini fundi alimzuia. Walitia matone ya mafuta ya taa, mbali na moto, wakaziacha mpaka kesho yake. Nati tatu zilifunguka kwa spana bila nguvu. Ya nne ilihitaji siku mbili. Kila skrubu iliyotoka iliwekwa juu ya kipande cha katoni, mahali palipochorwa sehemu yake. Mchoro huo uliandikwa na msichana mmoja wa sekondari. Bila mchoro huo tungebaki na skrubu mkononi siku ya kufunga.

Tatu, kutu. Wavu wa mbele na mguu vililowekwa katika maji ya ndimu, kisha vikasuguliwa kwa brashi ya waya. Baadaye vilioshwa kwa maji yenye magadi ili kuua ule ukali wa ndimu, vikakaushwa na kupakwa mafuta siku ile ile. Karibu na ziwa, chuma kilicho wazi kikilala usiku mmoja bila mafuta, asubuhi kimeanza kutu upya. Mabawa yalikuwa ya shaba nyeupe iliyogeuka nyeusi. Hayo yalisafishwa kwa ndimu na jivu. Yashikwe taratibu, kwani bawa moja likipinda kidogo feni nzima hutikisika na kujila yenyewe. Koili haioshwi kwa maji. Hupanguswa vumbi kwa brashi laini iliyo kavu.

Hapa nina onyo kwa mama wenye watoto. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, ambayo ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Rangi hizo zisisuguliwe zikiwa kavu, maana vumbi lake huingia mwilini. Sugueni kwa msasa wenye maji, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali, kisha oshe mikono kila aliyeshika.

Nne, mafuta. Sababu ya feni ile kukwama ilikuwa mafuta ya zamani yaliyoganda kama gundi kati ya shafti na bushi zake. Yaliondolewa kwa mafuta ya taa na kitambaa, kisha yakatiwa matone ya mafuta ya cherehani tuliyopewa na fundi wetu wa nguo. Mtu mmoja alileta mafuta ya mawese kwa moyo mwema. Hayafai kazi hii, kwa sababu yakikaa huganda, na ugonjwa ule ule unarudi. Siku hiyo feni ilizunguka kwa kidole kwa mara ya kwanza, bado bila umeme. Wanafunzi walipiga makofi.

Tano, umeme, na sehemu hii haikufanywa na mwanafunzi peke yake. Waya wote wa zamani ulitolewa, ukawekwa mpya wenye nyuzi tatu, ule wa tatu ukifungwa kwenye mwili wa chuma kwa usalama. Fundi alipima kwa mita yake kuhakikisha umeme haufiki kwenye chuma. Kisha akafanya jaribio ambalo kila kijana alijue. Aliiunganisha feni ili umeme upite kwanza katika ampuli ya zamani ya wati 60, ile yenye kiwaya ndani, ndipo ufike kwenye feni. Ampuli ikiwaka kwa nguvu zake zote, koili imeungua na waya zimegusana. Isipowaka kabisa, kuna mahali pamekatika. Ikiwaka kwa unyonge na feni ikajaribu kuzunguka, koili ni nzima. Yetu iliwaka kwa unyonge.

Sita, na mwisho kabisa, rangi. Hili ndilo jibu langu kwa waliotaka tuipake rangi na kuiuza. Feni yenye rangi mpya na waya uliooza ni hatari kuliko feni yenye kutu, maana kutu inamwonya mtu, na rangi inamdanganya. Anayeuza kitu kama hicho anauza ajali kwa jirani yake. Rangi ni ya kitu kilichokwisha kupona.

Ndugu zangu, sehemu ya umeme wa Bujumbura huzaliwa na mto Rusizi, huu unaopita hapa kando yetu ukitoka Kivu kuingia Tanganyika. Kituo cha kwanza, kile cha Mururu, kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Cha pili kilianza mwaka 1989, kwa ushirikiano wa Burundi, Rwanda na nchi iliyoitwa wakati huo Zaire. Kule juu, maji huzungusha mashine na kuzaa umeme. Huku chini, umeme huzungusha bawa. Ni somo moja la Faraday, limegeuzwa. Mwanafunzi aliyesafisha koili kwa mkono wake halisahau tena.

Mwajua pia mipaka ya feni. Haipoozi hewa, inaisukuma tu, na jasho likikauka mwili hupata nafuu. Hupunguza mbu, kwa sababu mbu haruki vizuri penye upepo, lakini haichukui nafasi ya chandarua. Wavu wa feni za zamani una nafasi pana, kwa hiyo yetu imewekwa juu, pasipofikiwa na kidole cha mtoto. Ikinguruma bila kuzunguka, izimwe mara moja, maana koili itaungua. Vilevile ikinguruma na kupata moto inapotumia umeme wa betri za jua, tatizo laweza kuwa mashine inayogeuza umeme huo, aitwe fundi.

Sasa nirudi kwa mzazi aliyeuliza juu ya madaftari. Baada ya feni, mama mmoja alileta cherehani iliyokwama. Ikaja redio, ikaja taa ya jua. Cherehani ilipona kwa siku moja. Redio haikupona, sehemu zake zilizokuwa nzima zikasaidia nyingine. Wenye vitu walilipa kidogo, na fedha hizo ndizo zilizonunua madaftari ya muhula huu, pamoja na chaki.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwa Kamati: tupeni chumba kimoja chenye kufuli, na meza moja. Vifaa tulivyo navyo ni bisibisi mbili, spana tatu na mita ya kuazima. Fundi yuko tayari kuja mara moja kwa wiki, na vijana kumi na wanne, wasichana watano kati yao, wamekwisha kuandika majina. Wengi wao wamemaliza masomo na hawana la kufanya kutwa nzima, isipokuwa kukaa njiani.

Kwa wageni wetu wa mashirika: tunawashukuru kwa taa, pampu na mashine mnazotuletea. Lakini kila kitu kina siku yake ya kusimama, na mara nyingi siku hiyo hufika baada ya mradi kufungwa. Mnapoleta kitu, leteni na vipuri vyake, na mwonyesheni kijana mmoja wa hapa jinsi kinavyofunguliwa. Gharama yake ni ndogo kuliko kuleta kingine.

Wahenga walisema: usitupe mbachao kwa msala upitao. Mkimbizi huvuka mpaka akiwa ameacha nyumba, shamba na ng'ombe. Ufundi ulio mikononi mwake huvuka pamoja naye, na siku ya kurudi utarudi pamoja naye bila kulipiwa nauli. Vijana, anzeni kuutafuta. Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, tutafungua pampu ya maji iliyosimama nyuma ya shule. Kila mmoja aje na kipande cha katoni na kalamu.