Makinda wa Furukombe na Setilaiti: Nani Ataifikia Nukta Iliposimama?



Furukombe ninayemzungumzia ni yule mla samaki wa tumbo jeupe, mwenye mstari mweusi unaopita machoni. Ni mgeni kutoka kaskazini tunayemwona kwenye maziwa na pwani zetu, hasa kuanzia Septemba au Oktoba hadi Aprili hivi. Asichanganywe na tai wa kichwa cheupe anayepiga kelele Naivasha na Ziwa Viktoria. Huyo ni mwenyeji.

Nimechagua makinda kwa sababu safari yao ya kwanza ni ya ajabu kuliko zote zitakazofuata. Kiangazi cha Ulaya kinapokwisha, mama huwa wa kwanza kuondoka, mara nyingi mwezi Agosti. Baba hubaki akileta samaki. Watoto nao huondoka kila mmoja kwa siku yake na njia yake, bila mkubwa wa kuwaongoza. Kinda aliyejifunza kuruka Julai, Septemba yuko juu ya Sahara peke yake, akiongozwa na mwelekeo aliozaliwa nao.

Watafiti wa Sweden walifuatilia wakubwa na wadogo, na mwaka 2003 wakatangaza tofauti kubwa: pepo za ubavuni zikivuma, mkubwa hujirekebisha na kurudi kwenye mstari wake, ilhali mdogo husukumwa tu. Hapo ndipo kinda wa Uskoti anapoweza kujikuta juu ya Atlantiki badala ya Ureno, na huko hakuna pa kutua. Lakini tusiharakishe kumdharau. Nchini Marekani, Rob Bierregaard na wenzake walifuatilia makinda waliotoka pwani ya kaskazini-mashariki wakakata bahari kuelekea Karibi, zaidi ya kilomita 1,000 juu ya maji, usiku na mchana, wakiwa wameshika mwelekeo ule ule. Kwa ndege asiyewahi kuiona njia hiyo, mimi sina neno jingine ila heshima.

Kifaa cha kuwafuatilia kwa setilaiti kina uzito wa gramu 30 hivi, na ndege ana kilo moja na nusu. Huvalishwa mgongoni kama begi la shule, kwa utepe mwembamba ulioshonwa kifuani kwa uzi wa pamba. Uzi huo ni wa makusudi: baada ya miaka huoza, mzigo ukadondoka. Paneli ndogo ya sola huchaji betri. Vifaa vya zamani vilitegemea mfumo wa setilaiti wa Argos peke yake, na kosa la kilomita kadhaa lilikuwa jambo la kawaida. Siku hizi GPS hutoa mahali kwa mita chache, pamoja na kimo na kasi. Vingine hutumia mtandao wa simu: jangwani taarifa hukaa ndani ya kifaa, na ndege akifika penye mnara zinamiminika zote kwa mpigo.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Taarifa nyingi za Ulaya humweleza ndege huyu kama mtoto wa Uskoti au Wales anayekwenda Afrika kukimbia baridi. Tupige hesabu. Kinda huondoka kwao akiwa na miezi mitatu hivi. Hukaa Senegal, Gambia au Guinea-Bissau, hupitisha huko hata kiangazi kinachofuata, kisha hurudi akiwa na miaka miwili, wengine mitatu. Maana yake ni kwamba zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa ujana wake anakula samaki wa Afrika. Na wengi hawarudi kabisa.

Nukta inayoonyesha alipo ndege ikisimama mahali pamoja kwenye ramani, mtu aliye ofisini Uingereza hawezi kujua kama ndege amenaswa na nyavu, amepigwa na nyaya za umeme, au utepe wa kifaa umekatika tu. Ikinyamaza kabisa, huenda ni paneli iliyofunikwa na manyoya. Anayeweza kujua ni mvuvi au mwongoza wageni aliye karibu na mahali hapo. Mradi wa Rutland, uliorudisha furukombe katikati ya Uingereza kuanzia mwaka 1996, umeshirikiana na shule na waongozaji wa Gambia, na naona huo ndio mfano wa kuigwa.

Huku kwetu hufika pia ndege waliovishwa pete katika nchi za kaskazini. Naomba basi, ndugu washiriki: mkikuta furukombe aliyekufa, mwenye pete mguuni au kifaa mgongoni, msikitupe wala kukifungua. Andikeni namba, tarehe na mahali, pigeni picha, kisha pelekeni taarifa kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa Nairobi, au ofisi ya wanyamapori iliyo karibu. Na waambieni wavuvi wa maeneo yenu wafanye hivyo hivyo.