Utii na Ardhi: Mabwana wa Fudai katika Serikali ya Tokugawa



Tokugawa Ieyasu alishinda vita vya Sekigahara mwaka 1600, akatawazwa shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, mwaka 1603, na ukoo wake ukaitawala Japani kutoka Edo, jiji la Tokyo la leo, hadi ulipoangushwa mwaka 1868. Mabwana wenye milki, yaani daimyo, walipangwa kwa kuangalia ni lini walianza kumtii. Walioutumikia ukoo wake kabla ya Sekigahara waliitwa fudai, watumishi wa urithi. Walioinamisha vichwa baada ya hapo waliitwa tozama, watu wa nje. Serikali ilikabidhiwa fudai. Hoja yangu leo ni kwamba utii wa mabwana hawa ulikuwa wa kweli, ila ulielekezwa kwa ukoo wa Tokugawa na si kwa serikali kuu. Na kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa mtawala wa ardhi yake, walifaa sana kuzuia uasi lakini hawakufaa kuijenga dola.

Tuanze na mpango wenyewe, maana ulikuwa wa werevu. Ukubwa wa milki ulipimwa kwa koku, na koku moja ilihesabiwa kuwa mchele wa kumlisha mtu mmoja kwa mwaka. Ukoo wa Maeda wa Kaga, tozama, ulikuwa na zaidi ya koku milioni 1, lakini haukuwa na kiti serikalini. Baraza la wazee wakuu, roju, lilikuwa na watu 4 au 5 hivi waliopokezana zamu kila mwezi, na kwa kawaida walitoka katika milki za koku kati ya 25,000 na 100,000. Miongoni mwa fudai, ni ukoo wa Ii wa Hikone pekee uliopita koku 300,000. Kwa hiyo mwenye mali hakuwa na madaraka, na mwenye madaraka hakuwa na mali ya kutosha kumtishia shoguni.

Yapo mapingamizi. La kwanza ni kwamba cheo cha kurithi huzaa wazembe. Kwa fudai pingamizi hili halina uzito mkubwa, kwa sababu kilichorithiwa ni sifa ya kuteuliwa, si kiti chenyewe. Koo za fudai zilizidi 100, na aliyetaka kuingia barazani kwa kawaida alipandishwa hatua kwa hatua: mwandalizi wa sherehe za shoguni, msimamizi wa mahekalu, kisha kamanda wa ngome ya Osaka au mwakilishi wa shoguni Kyoto. Udhaifu wa mfumo, basi, tuutafute kwingine.

Tumwangalie Mizuno Tadakuni. Alirithi Karatsu, milki yenye rutuba, lakini bwana wa Karatsu alikuwa na jukumu la kulinda Nagasaki na kwa desturi hakupewa vyeo vya juu. Mwaka 1817 akaomba kuhamishiwa Hamamatsu, yenye mavuno madogo zaidi, ili njia ya Edo ifunguke. Huyu aliacha shibe akafuata cheo, na anayetaka kunipinga atamtaja yeye kwanza. Lakini tumfuate hadi mwaka 1843, akiwa kiongozi wa baraza. Aliamuru ardhi ya mabwana iliyozunguka Edo na Osaka irudishwe kwa shoguni, nao wafidiwe kwingine. Waliosimama kumpinga hawakuwa tozama pekee. Fudai nao walikataa, akiwemo mjumbe mwenzake wa baraza, Doi Toshitsura wa Koga, aliyekuwa na ardhi upande wa Osaka. Amri ikafutwa, Mizuno akaondolewa madarakani, na umati wa Edo ukaipiga nyumba yake mawe. Yeye aliweza kujinyima. Wenzake hakuweza kuwanyima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mfumo uliodumu zaidi ya miaka 260 unaitwaje dhaifu, na je, haukuangushwa na manowari za Marekani zilizofika mwaka 1853? Nakubali kwamba amani ile ndefu ni ushahidi wa mafanikio. Ila amri ya Mizuno ilikwama miaka 10 kabla ya manowari hizo. Na Januari 1868, jeshi la shoguni liliposhindwa na jeshi la mfalme wa Japani huko Toba na Fushimi na kukimbilia ngome ya Yodo, lilikuta milango imefungwa. Bwana wa Yodo, Inaba Masakuni, alikuwa fudai, tena mjumbe wa baraza aliyekuwa Edo wakati huo. Watu wake waliamua kuiokoa milki. Hikone nayo, milki ya fudai mkubwa kuliko wote, ikaegemea upande wa mfalme.

Mwaka 1871 serikali mpya ya mfalme ilifuta milki zote nchini kwa amri moja. Ilikuwa na jeshi nyuma yake, ikawalipa mabwana na kubeba madeni yao, na hayo yalisaidia. Lakini walioisukuma amri hiyo, watu kama Okubo Toshimichi wa Satsuma na Kido Takayoshi wa Choshu, walikuwa samurai wasio na milki. Koo zao hazikuwa na milki ya kupoteza, na hilo ndilo lililowatofautisha na kila fudai aliyewahi kukaa barazani Edo.